Kesi Iliishia Wapi?

Ukitoka mji wa Embu, msomaji, ukaishika barabara iteremkayo kwenda Kiritiri, utaona nchi ikibadilika machoni pako. Mibuni na migomba hubaki nyuma, migunga huanza kusimama mmoja mmoja, udongo huwa mwekundu, na jua huzidi ukali. Huko ndiko Gachoka, katika nchi ya Wambeere, na huko ndiko nifanyako kazi ya ualimu. Watu wake hulima mtama, ndengu, kunde na muguka, hufuga mbuzi, na maembe yakiiva huyauza kando ya barabara. Ni watu wa kazi, wala hawapendi kuipoteza siku bure. Walakini katika muhula wa pili, shule zinaposhindana kwa mpira wa miguu, utaona soko limepungua watu, pikipiki za abiria zimeegeshwa safu chini ya miti, na wazee wenye bakora wameusogelea mstari wa uwanja hata refa akawaomba kwa adabu warudi nyuma.

Nimekaa na watu hawa miaka mingi, nami nimegundua jambo moja. Ukiwauliza habari za mchezo uliochezwa zamani, wachache watakumbuka nani alifunga bao na dakika gani. Lakini kama mchezo ule ulizusha malalamiko, kwamba timu fulani ilichezesha mtu asiyestahili, hapo kila mmoja hukumbuka, na swali lake ni moja: "Ile kesi iliishia wapi?" Aghalabu hakuna ajuaye. Kesi ilianza kwa kelele, ikaingia ofisini, mlango ukafungwa.

Nataka nikusimulie kesi mbili. Katika ya kwanza nilikuwa shabiki, na katika ya pili nilikuwa mmoja wa waliotakiwa kuamua. Katika ya kwanza nililalamika kwa sauti kubwa mno. Katika ya pili nililalamikiwa, na nilistahili.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha ualimu. Jina lake nitalificha, kwa kuwa walionikosea na niliowakosea wangali hai, na wengine wao leo ni walimu wenzangu. Sikuwa mchezaji. Kimo changu hakikunisaidia, na mkono wangu ulikuwa mzito. Lakini kwa ushabiki sikuwa na mpinzani. Niliimba tangu filimbi ya kwanza mpaka sauti inikauke, na kesho yake nilifanya mazoezi ya kufundisha kwa kunong'ona, watoto wakicheka.

Nahodha wa timu yetu ya mpira wa wavu ya wanawake alilala kitanda cha juu yangu. Alikuwa wa mwaka wa pili, mrefu, mkimya, mwenye desturi ya kufua soksi zake za mchezo usiku na kuzianika juu ya chuma cha kitanda, hata matone yakaniangukia usoni. Nilimvumilia kwa sababu nilimpenda. Nchini Kenya mpira wa wavu wa wanawake una heshima yake, na klabu za Magereza, Pipeline na KCB zilikuwa na majina makubwa Afrika nzima. Yeye alitumaini kwamba akifika katika mashindano ya taifa, huenda mmoja wa watu wa klabu hizo akamwona. Hakulisema tumaini hilo mbele ya watu. Aliniambia mimi usiku mmoja taa zilipozimwa.

Katika fainali ya mkoa tulishindwa kwa seti 3 kwa 2. Mpigaji mmoja wa wapinzani wetu alituumiza sana. Alipanda juu ya wavu kama anayechuma embe, na mpira ulishuka palepale alipotaka. Tulikuwa tunajiandaa kulia, mara mmoja wetu akasema, "Huyu namjua. Hasomi ualimu huyu. Anauza duka mjini." Walikuwa wamesoma shule moja. Basi kilio kikageuka hasira, na hasira ikageuka rufaa. Mwalimu wetu wa michezo aliiandika jioni ile ile. Ada ya rufaa ilihitajika, nasi wanachuo tulichanga shilingi 20 kila mmoja. Kwa wengine wetu hiyo ilikuwa fedha ya sabuni.

Mashindano ya taifa yalikuwa mbele yetu kwa wiki 3. Tulihesabu siku. Wiki ya kwanza tuliambiwa, "Suala linachunguzwa." Wiki ya pili tuliambiwa, "Suala bado linachunguzwa." Mimi ni mwalimu wa lugha, na tangu siku zile nalichukia neno hilo. Ni kitenzi cha kutendwa kisichomtaja mtenda. Nani anachunguza? Anachunguza wapi, na atamaliza lini? Wiki ya tatu hatukuambiwa lolote. Wapinzani wetu walipanda basi wakaenda kwenye mashindano ya taifa, na mwuza duka wao pamoja nao.

Ukitaka kujua kimya kinamfanyia nini shabiki, ungekuja bwaloni kwetu siku zile. Kila mlo ulikuwa na habari mpya, na kila habari ilikuwa ya uongo. Mara kamati imehongwa, mara barua yetu imepotezwa makusudi, mara mkuu wa chuo chetu mwenyewe ametuuza. Nami, na hili naliandika kwa haya, nilisimama kati ya meza nikasema kwamba mwalimu mmoja aliyeketi katika kamati ile ameonekana hotelini akila na wakuu wa chuo kile. Sikuwa nimeona kitu. Niliambiwa na mtu aliyeambiwa. Lakini nililisema kwa uhakika mkubwa, na watu waliligonga bwalo kwa vijiko. Maneno yale yalimfikia mwalimu yule. Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba katika kamati nzima ndiye peke yake aliyesafiri kwa nauli yake kwenda kulikagua daftari la wanachuo wa chuo kile. Mwaka uliofuata hakukubali tena kazi ya kamati.

Uamuzi ulikuja Februari 2011. Wanachuo wa mwaka wa pili walikuwa wamekwisha kufanya mitihani yao na kwenda zao. Ilikuwa karatasi moja, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kando ya zamu za kuosha vyombo. Ilisema kwamba rufaa imekubaliwa, kwamba chuo kile kimeonywa, na kwamba sisi ndio washindi wa mkoa wa mwaka uliopita. Tulikuwa wasichana watatu mbele ya ubao. Mmoja alisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akatazama zamu yake ya vyombo. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilimpigia simu nahodha. Alikuwa akifundisha shule moja ya mbali, akilipwa na wazazi, kwa kuwa serikali haikuwa imemwajiri bado. Nikamsomea barua yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha kule chuoni.

Ukidhani kwamba maradhi haya ni ya vyuo vyetu peke yake, msomaji, utakuwa umetuonea. Wakenya tumevifahamu vyuo vya Marekani kwa sababu ya wakimbiaji wetu. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Washington mwaka 1978, alipovunja rekodi 4 za dunia katika siku 81. Basi linganisha mwendo huo na mwendo wa wanaochunguza michezo ya vyuo vya huko. Mwaka 2006 ulianza uchunguzi juu ya Reggie Bush, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha Southern California, kwamba yeye na jamaa zake walipokea fedha na zawadi zilizokatazwa na kanuni za wakati ule. Chama kisimamiacho michezo ya vyuo, NCAA, kilitoa hukumu Juni 2010. Ilikuwa miaka 4. Bush alikuwa amekwisha kwenda kucheza kwa mshahara. Kocha wake alikuwa ameondoka miezi michache kabla, akaajiriwa na timu ya Seattle. Adhabu iliwaangukia nani? Iliwaangukia vijana ambao wengi wao walikuwa bado watoto wa shule makosa yalipotendeka. Walizuiwa kwa misimu 2 kucheza michezo ya mwisho wa msimu, na nafasi 30 za wanafunzi kusomeshwa kwa ajili ya mchezo zikapunguzwa. Bush naye aliirudisha tuzo yake kubwa, ile iitwayo Heisman. Aprili 2024 akarudishiwa, kwa kuwa kanuni zilikuwa zimebadilika na wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao. Shabiki aliyelia mwaka 2010 na shabiki aliyecheka, wote wawili sijui leo washike lipi.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana kisa ambacho ukikitaja Dar es Salaam hutamaliza chai yako. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Simba wakalalamika kwamba mlinzi mmoja wa Kagera alicheza ilhali ana kadi 3 za njano. Kamati moja, ambayo kwa jina lake yenyewe ni Kamati ya Saa 72, iliwapa Simba pointi 3. Kisha kamati nyingine ya Shirikisho ikawanyang'anya, ikazirudisha Bukoba. Msimu ulipokwisha Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Fanya hesabu mwenyewe uone pointi 3 zile zilikuwa na uzito gani. Simsemei Simba wala Yanga, maana nina rafiki pande zote mbili. Nasema tu kwamba shabiki aweza kuumeza uamuzi mchungu ukitolewa mara moja. Uamuzi unaotolewa, ukatwaliwa, ukatolewa tena, humkwama kooni.

Na kiko kisa kimoja kinachonisumbua kuliko hivi, kwa sababu mwenye kosa alikuwa wetu. Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda mbio ndefu za Boston. Nyuma yake alifika Buzunesh Deba, mzaliwa wa Ethiopia. Septemba ya mwaka ule ule Jeptoo alipimwa akakutwa na dawa iliyokatazwa. Januari 2015 akafungiwa miaka 2. Rufaa zikafuata, na Oktoba 2016 mahakama ya michezo ya kimataifa ikaifanya adhabu kuwa miaka 4 na kuufuta ushindi wake wa Boston. Hapo Deba akawa mshindi, miaka 2 na nusu baada ya mbio. Ushindi aliupata kwenye karatasi, lakini fedha za mshindi hakupewa, kwa kuwa waandalizi walikuwa wakingoja kwanza zirudishwe na aliyezichukua. Aliendelea kungoja. Mwaka 2024 habari zake zilipoandikwa gazetini, mfanyabiashara mmoja wa Philadelphia, mpenzi tu wa mbio, aliona haya kwa niaba ya wengine akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Kwangu mimi huyu ni shabiki wa ajabu. Sisi wengine tukichoka kungoja, hutukana. Yeye alichoka kungoja akalipa deni lisilo lake.

Sasa nirudi Gachoka, maana kesi ya pili ilinikuta huku.

Baada ya kufundisha shule ya msingi nilijiendeleza kwa masomo ya likizo, nikahamia shule ya upili. Mwaka 2019 niliombwa kuketi katika kamati ya watu watatu ya kusikiliza rufaa za michezo ya shule. Nilikubali upesi. Nilijiambia kwamba sasa wataona jinsi kazi hii ifanywavyo. Haikupita wiki mbili, shule moja ikafungwa bao 1 kwa bila, na mfungaji akashitakiwa kwamba amepita umri uliowekwa. Alikuwa mvulana wa kidato cha nne. Uamuzi wa kwanza wa kamati ulikuwa kwamba asimame kando mpaka uchunguzi utakapokwisha. Mashindano ya kaunti yalikuwa baada ya siku 12. Mwenyekiti alinipa faili, akasema, "Mwalimu, wewe unakaa karibu. Chunguza."

Cheti chake cha kuzaliwa kilisema Juni 2001. Ikiwa ni kweli, alikuwa halali. Ikiwa alizaliwa mwaka 2000, hakuwa halali. Lakini soma cheti vizuri, kijana, utaona tarehe mbili: tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya kuandikishwa. Kwa sheria yetu mtoto asiyeandikishwa katika miezi 6 huhesabiwa kuwa amechelewa, na cheti chake huandikwa baadaye kwa ushahidi wa wazazi na wakubwa. Huku kwetu wengi hukumbuka cheti mtoto anapokaribia mtihani. Cha mvulana yule kiliandikishwa alipokuwa darasa la 8. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa uongo, wala haikuwa hakika. Ilikuwa kumbukumbu ya mtu, imepigwa muhuri.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwao. Wazazi walikuwa wamefariki, na mlezi wake alikuwa nyanya yake. Uani palikuwa na majirani, na waendesha pikipiki wawili walionifuata kwa udadisi. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Meru, na Kimbeere changu wakati ule kilikuwa cha kununulia ndengu sokoni. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Nyanya, mtoto huyu alizaliwa lini?" Akafikiri, akasema, "Alizaliwa mwaka wa ukame, lile ziwa la Masinga lilipokauka."

Moyo wangu ulishuka. Kila mtu wa huku anaujua mwaka ule. Ulikuwa mwaka 2000, maji ya mto Tana yalipopungua katika mabwawa hata umeme ukagawanywa kwa zamu nchi nzima. Kabla sijafunga daftari langu, pikipiki mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka, na jioni nilipofika barabarani habari ilinitangulia: "Hata nyanya yake amekiri!" Mashabiki wa shule iliyofungwa walikuwa wakiimba. Wale wa shule ya mvulana walinitazama kana kwamba nimekwenda kumwibia mwanamke mzee.

Laiti ningeandika uamuzi usiku ule, watu wengi wangenisifu kwa wepesi, na mimi ningekuwa nimemdhulumu mtoto. Maana siku ya nne nilirudi na mwalimu mwenzangu ajuaye Kimbeere vizuri, akamwuliza upya, nyanya akashangaa. Aliyezaliwa mwaka wa ukame ni kaka yake. Mimi nilisema "mtoto", naye akamfikiria wa kwanza, kama wafanyavyo wazee. Huyu alikuja mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimerudi. Akasema alibatizwa akiwa mchanga, akaitaja parokia.

Jioni ile ile nilipita zahanati, nikaambiwa kwamba madaftari ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Siku ya tano nilifika parokia. Padre alikuwa safarini, na kabati la vitabu vya ubatizo lilikuwa na ufunguo mmoja. Nikaambiwa atarudi siku ya saba.

Mpaka hapa, msomaji, sina la kujilaumu. Ukweli ulikuwa mbali, nami nilikuwa njiani kuufuata. Sasa nikuambie yaliyobaki.

Padre alirudi siku ya saba kama walivyosema. Mimi sikwenda. Siku ya nane nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Siku ya tisa nilimpigia mwenyekiti simu, akaniambia nisifanye haraka, kwa kuwa jambo lenyewe lina moto. Maneno yale yalinipendeza kuliko ilivyofaa. Siku ya kumi mwendesha pikipiki alinisimamisha na kuniuliza, "Mwalimu, kesi imefika wapi?" Nami nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Inachunguzwa."

Faili lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya daftari za kidato cha pili. Nililibeba kwenda shule na kulirudisha nyumbani siku tano. Nilikuwa nikiogopa. Kitabu kikisema 2000, upande mmoja utanichukia. Kikisema 2001, upande mwingine utasema nimehongwa, kama nilivyosema mimi juu ya mtu mwingine, kati ya meza za bwalo, miaka 9 nyuma. Ningali nikijiambia kwamba huo ni uangalifu. Uangalifu na woga huvaa nguo moja, na mwenye kuivaa ndiye wa mwisho kujua ni upi uliomo ndani.

Siku ya 12 timu ilikwenda kwenye mashindano ya kaunti bila mfungaji wake, ikafungwa mabao 2 kwa bila. Siku ya 13 nilikwenda parokia. Padre alifungua kabati, akanipa kitabu, akaniletea kiti. Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa. Jina lilikuwepo, na la mama yake, na la nyanya yake kama mdhamini. Alibatizwa Agosti 2001, akiwa na umri wa miezi 2.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya hasira ya mashabiki, nami siidharau tena. Wanapopiga kelele kwamba kamati imelala, mara nyingine kamati iko safarini na inatafuta ufunguo wa kabati, na hapo inafaa wavumilie. Mara nyingine kamati imelala kweli. Walio nje ya mlango hawana njia ya kutofautisha, kwa sababu hali zote mbili hujibiwa kwa neno lile lile. Ningeweza siku ya tano kusema hadharani, "Nimemwona nyanya, nimekwenda zahanati, natafuta kitabu cha ubatizo, na kitabu kitafunguliwa siku ya saba." Nisingevunja kanuni yoyote. Waendesha pikipiki wangeijua siku yenyewe kama mimi, na wangenihesabia. Nadhani hiyo ndiyo sababu sikusema. Mtu akitaja siku, amejifunga.

Na lile la kumsimamisha kando mtu ambaye kosa lake halijajulikana, nililiona dogo tulipoliandika. Kwa mwenye miaka mingi mbele yake, siku 12 ni kitu kidogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana msimu mmoja, nao hauzidi wiki chache.

Tuliandika barua. Mwenyekiti na mwenzetu wa tatu walitia sahihi bila maneno mengi. Ilisema kwamba mchezaji alikuwa halali, kwamba bao lake lilikuwa halali, na kwamba rufaa imetupwa. Nakala moja ilikwenda shuleni kwake. Nyingine niliichukua mimi, maana niliwaza juu ya ubao wa matangazo na zamu za vyombo, nikaona nisiiache ibandikwe tu.

Nilimkuta jioni njiani, akitoka mtoni na punda mwenye mitungi minne ya plastiki. Alinisalimu kwa heshima, akamsimamisha punda. Nikampa barua, akaisoma amesimama, polepole, kama mtu asomaye swali la mtihani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Hata niliitamani.

"Asante, mwalimu," akasema. Kisha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, ambako hapakuwa na kitu. "Sasa hii niipeleke wapi?"

Nikamwambia aiweke tu. Akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa kaptura, akamgusa punda mgongoni, wakaondoka.